Andazi Lililobaki

Nilinunua maandazi tisa kwa sababu watoto walikuwa tisa. Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Juni, katika ufukwe wa Raskazone hapa Tanga, maji yakiwa yameanza kupwa, na dada yangu alikuwa amepitiwa na usingizi chini ya mkungu, kwa hiyo mtu mzima aliyekuwa macho nilikuwa mimi peke yangu. Niliwaita. Walikuja mbio wakichuruzika maji, kila mmoja akachukua lake, wakarudi baharini midomo imejaa. Nilipotaka kuukunja mfuko wa karatasi nilihisi kitu ndani.

Andazi moja lilikuwa limebaki.

Sikumbuki nilivyosimama. Ninachokumbuka ni filimbi, ambayo huivaa shingoni kila ninapokwenda ufukweni na watoto, ikilia kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuitambua. Watoto walitoka majini, nikawapanga mstari mchangani, nikawahesabu kutoka kulia: tisa. Nikawahesabu tena kutoka kushoto: tisa. Mama muuza maandazi, aliyekuwa akinitazama muda wote huo, aliniambia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, kwamba lile la kumi alinitilia yeye mwenyewe. Lilikuwa nyongeza, kwa kuwa nilikuwa mteja wake wa kwanza asubuhi ile.

Dada yangu alikuwa amekwisha kuamka. "Kaka, mbona umewapanga kama mbuzi wa mnadani?"

Nilicheka, nikamjibu kwamba ni mazoea niliyoyatoa Marekani. Jibu hilo limenikera kwa wiki kadhaa sasa, maana kila ninapolirudia nalikuta halijatimia.

Kambi ya ziwani

Mwaka 2012, nikiwa na miaka 23 na shahada ambayo ilikuwa bado haijanipatia kazi, nilikwenda kuwa mlezi katika kambi ya wavulana katika jimbo la New Hampshire. Viza niliyopewa ilikuwa ile ya J-1, ambayo humruhusu mgeni kulea watoto kambini kwa muda usiozidi miezi minne kisha arejee kwao, nami nilirejea. Kambi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na wavulana wapatao 120, wa miaka minane hadi kumi na mitano, mabanda ya mbao chini ya misonobari, na ziwa.

Kwetu neno kambi humpeleka mtu Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, au kwenye timu ya mpira inayojiandaa na mechi, au kwenye mahema ya skauti kwa wale waliobahatika. Kule ni desturi kongwe ya kiangazi. Mwaka 1881 kijana mmoja aliyekuwa akisoma Chuo cha Dartmouth, Ernest Balch, aliwachukua wavulana wachache hadi kwenye kisiwa katika Ziwa Squam, katika jimbo hilohilo la New Hampshire, kwa sababu alichukizwa kuwaona watoto wa matajiri wakimaliza likizo mahotelini huku wakifanyiwa kila kitu. Aliwataka wapike, waoshe vyombo, wajenge na waendeshe mitumbwi wenyewe. Kambi yake ilifungwa mwaka 1889, lakini kufikia wakati huo wengine walikwisha kuiga. Ile ya Dudley, iliyoanzishwa mwaka 1885, ingali ikipokea wavulana katika jimbo la New York. Kila asubuhi nilipowasimamia wavulana wangu wakifagia banda nilimkumbuka Balch, nikakumbuka pia kwamba ada ya mtoto mmoja kwa wiki saba ilipita dola 8,000.

Kufagia nako kuna bei yake.

Siku iliongozwa na kengele. Saa moja kamili tarumbeta lililia, na waliotaka walikimbia kujitosa ziwani kabla ukungu haujainuka juu ya maji. Mimi, kwa ujeuri wa mtu wa pwani, nilijitosa nao siku ya kwanza na sikurudia. Bendera ilipandishwa. Tulikula chapati za maji zilizomiminiwa utomvu mtamu wa mti, uliochemshwa hadi ukawa mzito kama asali, kisha mabanda yakakaguliwa, na baada ya hapo vipindi vilifuatana hata mtu asipate nafasi ya kupiga miayo: upinde na mishale, tenisi, bunduki ndogo za shabaha, kupanda mwamba kwa kamba, kuwasha moto kwa njiti moja tu ya kiberiti. Mvulana aliyeshindwa na njiti yake alirudi kesho yake na njiti nyingine moja, hakupewa mbili.

Mimi nilipewa mitumbwi, kwa kuwa nilikuwa nimeandika kwenye fomu kwamba nimezaliwa Pangani. Mtumbwi ninaoujua mimi ni gogo la mwembe ambalo wanaume wanne hulisukuma huku wakihema. Ile ya kwao ilikuwa ya alumini, na mtu mmoja aliweza kuupindua mmoja juu ya mabega yake akatembea nao msituni, jambo ambalo nilipowasimulia wavuvi wa nyumbani walinisikiliza kwa adabu tu. Kafi, hata hivyo, ni kafi popote, na kufikia wiki ya pili wavulana waliacha kunifundisha namna ya kuishika.

Jua lilizama karibu saa mbili na nusu usiku. Mtu aliyekulia mahali ambapo magharibi huingia saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima hawezi kulizoea jambo hilo kwa wiki saba. Isha niliiswali baada ya saa nne, wavulana wakiwa wamelala, mbu wakinila. Mbu wale walikuwa wengi kuliko wa Pangani, lakini hawakuwa na malaria, na mwili wangu ulikataa kuliamini hilo hadi siku ya mwisho. Aliyeogopwa kule alikuwa kupe, kwa sababu ya ugonjwa unaoitwa Lyme kwa jina la mji mmoja wa Connecticut. Kila jioni tuliwakagua wavulana nyuma ya magoti, nyuma ya masikio na kwenye nywele, na mimi niliyedhani kupe ni shida ya mwenye ng'ombe nilijifunza kumng'oa kwa kibano pasipo kumwacha kichwa.

Mkono mtupu

Kipindi kilichosubiriwa kuliko vyote kilianza saa kumi alasiri, wakati wavulana sitini kwa zamu walipoingia ziwani kuogelea wapendavyo, bila mwalimu wa mtindo wala mashindano.

Maji yale yalinishinda mwanzoni. Maji ya chumvi humwinua mtu. Nilikuwa nimeogelea maisha yangu yote nikibebwa na bahari bila kujua kwamba nabebwa, na nilipoingia katika maji baridi ya ziwa nilizama inchi kadhaa chini ya pale nilipozoea kuelea, nikayameza mbele ya watoto wa miaka tisa. Tena yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukisimama penye maji ya kifuani, miguu yako huioni.

Mkuu wa ufukwe alikuwa mwalimu mstaafu wa kuogelea, mwanamke mfupi aliyepita miaka sitini, ambaye wavulana walimwita kwa jina lake tupu. Mimi nilishindwa. Nilimwita Mama, naye akazoea. Utaratibu wake ulikuwa hivi: hakuna aingiaye majini bila mwenzake, kila mvulana ana kibao cha duara kilichotundikwa kwenye ubao mkubwa kando ya gati, upande mmoja mweupe na wa pili mwekundu, anapoingia majini hukigeuza kiwe chekundu, anapotoka hukirudisha kiwe cheupe, na mlezi mmoja husimama ubaoni kuhakikisha. Kisha kila baada ya dakika kumi filimbi hulia. Kila mvulana humtafuta mwenzake, wawili hushikana mikono na kuiinua juu, ziwa zima hunyamaza, na jozi moja baada ya nyingine hutaja namba yake kwa sauti. Zoezi lote halikufika dakika moja.

Nililidharau. Nilijiambia kwamba hawa ni watoto waliolelewa ndani ya pamba, na kwamba mvulana wa Pangani angeona haya kushikwa mkono mara sita kwa saa.

Siku hiyo ilikuwa katikati ya Julai. Asubuhi tulikuwa tumetoka kuchuma matunda madogo ya porini, yenye rangi ya wino, yanayojaa kwenye vilima vile wakati huo wa mwaka. Baada ya chakula cha mchana wavulana waliandika barua nyumbani, saa tisa wakapiga mishale, na saa kumi wakaingia majini. Mlezi wa ubaoni nilikuwa mimi. Filimbi ililia. Jozi zilianza kuitika: moja, mbili, tatu, zingine zikitania kwa sauti nene, hadi ikafika kumi na nane.

Kisha kimya.

Mvulana wa jozi ya kumi na tisa alikuwa amesimama karibu na boya la pili. Mkono wake ulikuwa juu kama wa wenzake, ila haukuwa umeshika kitu. Alikuwa akigeuka huku na huku bila kuushusha. "Alikuwa hapa," alisema. "Alikuwa hapa sasa hivi."

Niligeukia ubao. Kibao cha mwenzake kilikuwa chekundu.

Kisiki

Mama alipiga filimbi tatu, na wavulana wote walitoka wakakaa kwenye nyasi bila kuambiwa, maana walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya jambo hilo tangu siku ya pili. Walezi wenye miwani ya maji walijitupa kutoka kwenye gati penye kina. Wengine walikimbilia mabandani. Sisi tuliobaki tulisimama mstari mmoja katika maji ya kifuani, tukashikana mikono kwa viwiko, na kuanza kutembea.

Mtu hatembei hivyo kwa kuinua mguu, kwa sababu anayeinua mguu anaweza kumvuka anayemtafuta. Anaburuta nyayo. Tulikwenda hatua ndogo ndogo, matope yakipita katikati ya vidole, kila mmoja akitazama mbele na hakuna aliyesema neno, na nilikuwa nimefika labda hatua ya kumi na tano wakati mguu wangu wa kulia ulipogusa kitu. Kilikuwa cha mviringo, chenye utelezi, unene wa paja la mtoto.

Nilisimama, na mstari wote ukasimama kwa kuwa tulikuwa tumeshikana.

Kilikuwa kisiki kilichoota majani ya majini. Nilikijua kuwa kisiki kabla sijamaliza kuinama, lakini katika ule muda mfupi wa katikati, ambao pengine haukufika sekunde tatu, sikuwa New Hampshire. Nilikuwa kwenye ukuta wa mto kule Pangani, na nilikuwa na miaka kumi.

Mvulana alipatikana chooni. Yale matunda ya asubuhi yalikuwa yamemchafua tumbo, akatoka majini mbio bila kumuaga mwenzake na bila kukigusa kibao chake. Dakika saba zilikuwa zimepita. Hakuna aliyempigia kelele. Mama alimshika bega, akamwongoza hadi ubaoni, akangoja mpaka alipokigeuza kibao kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamrudisha kwa mwenzake aliyekuwa akilia kwenye nyasi. Kipindi cha tenisi kilianza kikiwa kimechelewa dakika ishirini. Usiku tuliota moto, wakaimba.

Jambo hilo la kuendelea na ratiba lilinichukiza wakati ule. Leo sina hakika kama nilikuwa na haki ya kuchukizwa.

Ubaoni tena

Sijasema bado kwa nini mvulana yule aliweza kupita mbele yangu. Katika ziwa lile kuna ndege mkubwa wa majini, kichwa cheusi, mgongo wenye madoa meupe, ambaye usiku hulia kama mtu aliyepotea, na ambaye vifaranga vyake vinapokuwa vidogo huvipakia mgongoni na kuogelea navyo. Mmoja alikuwa amepita nyuma ya maboya, vifaranga viwili vikichungulia kutoka kwenye manyoya. Nilikuwa nikimtazama yeye.

Baada ya chakula cha jioni nilimfuata Mama, nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio, na kusema kweli nililitaka, kwa sababu karipio humaliza mambo. Aliendelea kuzikunja kamba za maboya.

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa unamtazama ndege."

Kisha akaniambia kwamba kesho ubaoni nitasimama mimi, na keshokutwa mimi, na hivyo hivyo hadi zamu zitakapobadilishwa. Nilimwomba aniweke mahali pengine. Alikataa.

Ni katika mazungumzo hayo nilipomwambia jambo ambalo nimekuja kulijutia. Nilimwambia kwamba pale nilipokulia, sisi wavulana tulikuwa tukiogelea mtoni kila siku na hapakuwa na mtu wa kutuhesabu, na kwamba mmoja wetu alikufa maji. Alisikiliza hadi mwisho, akasema pole. Nikarudi bandani nikiwa nimejipatia maelezo mazuri ya maisha yangu: kwetu hawahesabu, kule wanahesabu. Nilisimama ubaoni siku kumi na moja zilizofuata. Vile vifaranga vilikua bila mimi kuviona.

Ukuta wa Pangani

Maelezo hayo nilirudi nayo nyumbani pamoja na filimbi, na kwa muda nikawa mhubiri. Ndugu zangu watanisamehe.

Lakini mashaka yalianza mapema. Kambini alikuwapo mvulana wa miaka kumi na miwili, hodari wa tenisi, aliyeniuliza siku moja kama anaruhusiwa kuvua viatu ili apite kwenye kijito. Niliduwaa. Umri wake, mimi na wenzangu tulikuwa tunajua kwamba siku za bamvua maji yanapotoka mdomo wa mto huvuta kama mtu mwenye hasira; tulijua kumtazama nahodha wa kivuko kiendacho Bweni, ng'ambo ya mto, namna anavyokielekeza juu kabisa dhidi ya mkondo ili atue palepale anapotaka, na kwamba akikielekeza hivyo haturuki. Tulifundishwa na wakubwa zetu kidogo, wa miaka kumi na minne, na wao walifundishwa na waliowatangulia. Baba wa mtu yeyote hakuwahi kuonekana pale ukutani. Wavulana wa ziwani walikuwa salama kila dakika kumi, na sikumwona hata mmoja ambaye angeweza kukuambia upepo utageukia wapi jioni.

Kwa hiyo nani alikuwa huru? Nimeligeuza swali hilo mara nyingi, na kila nikikaribia kujibu kwa kuusifia ukuta wetu, nakumbuka kwamba yule aliyekufa alikuwa anayajua yote hayo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alinifundisha mimi kuruka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwamba tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hiyo nayo ni hesabu, ila anayetuhesabu hapo anatuhesabu tukiwa tumekwisha kuzama.

Kipande cha muhogo

Bibi yetu hakuhesabu watu. Aliamini, kama wazee wengi wa makabila mengi ya kwetu na hata Wakikuyu wa kule Kenya, kwamba ukiwahesabu watoto unawaonesha kwa kitu kisichofaa kuwaona. Aliyemuuliza ana wajukuu wangapi alijibiwa, "Wapo." Mgeni aliyeanza kutunyooshea kidole, mmoja, wawili, alishushiwa kidole chake kwa mkono.

Sasa nasema lile lililonikera wiki zote hizi.

Kila magharibi Bibi alichemsha muhogo, akaukata, akaupanga kwenye sinia. Sisi tulikuwa tukila mmoja mmoja kwa kupita, kila mtoto akichukua kipande kimoja na kwenda kuketi barazani, na hapakuwahi kuwa na ugomvi kwa sababu hapakuwahi kupungua wala kuzidi. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni baraka ya Bibi. Hata nilipokuwa mtu mzima sikufikiria kwamba vipande havijikati vyenyewe kwa idadi ya watoto.

Yule rafiki yangu alikuwa akila kwetu, kwa kuwa mama yake aliuza samaki sokoni hadi usiku. Jioni ile ya mwaka 1999 tulirudi kutoka mtoni tukiwa kundi, nywele zina chumvi, tukapita kwenye sinia kama kawaida. Tulikuwa tunabishana juu ya mpira. Bibi alisimama mlangoni, akatazama chini.

"Cha nani hiki?"

Hakuna aliyejibu. Aliuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, kisha akachukua kawa, akakifunika kile kipande, akajitanda kanga na kutoka bila viatu kuelekea mtoni. Alikwenda kwanza yeye, kabla ya baba, kabla ya wavuvi, kabla ya mama wa mtoto kuambiwa. Rafiki yangu alionekana keshokutwa yake upande wa Bweni.

Nilikuwa nimeisahau sinia. Sijui niliwezaje, lakini kwa miaka mingi nilikumbuka mto, ukuta, wanaume na taa za karabai kwenye mitumbwi, na nikasahau kwamba aliyegundua alikuwa Bibi, na kwamba aligundua kwa kipande kilichobaki. Ilibidi andazi libaki kwenye mfuko wangu ndipo yote yarudi kwa mara moja, hata ule msuko wa kawa, wenye ukindu mwekundu na mweusi.

Yale niliyomwambia Mama kule ziwani hayakuwa kweli. Tulikuwa tunahesabiwa kila siku ya Mungu, na mtu ambaye asingekubali hata kidogo kwamba anahesabu. Tofauti yake na Mama ilikuwa ya saa. Yeye hesabu yake ilifika magharibi, na mto ulikwisha kumchukua mtoto tangu alasiri.

Na sisi tuliokuwa ukutani tulikuwa kumi na moja wakati wa kwenda. Aliruka nyuma yangu. Nilimsikia akigonga maji. Nilipotoka sikugeuka kumtazama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yeye ni wangu mimi kumtazama. Yule mvulana wa jozi ya kumi na tisa angalau aliinua mkono.

Jumamosi nyingine

Juzi tulirudi Raskazone, watoto walewale. Njiani nilimsimulia dada yangu, ambaye mwaka ule alikuwa mgongoni mwa mama na hana analolikumbuka. Alinyamaza kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yake.

"Kwa hiyo Bibi alikuwa anatuhesabu?"

"Hakuwa anatuhesabu."

"Alikuwa anakata muhogo."

"Alikuwa anakata muhogo."

Watoto nimewagawa jozi, na wameugeuza utaratibu wote kuwa mchezo. Huinua mikono hata filimbi isipolia, na hujipa namba za kubuni, milioni moja, milioni mbili. Tisa haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, jozi yake ni mimi, na anaichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko wengine. Nikielekea kwenye kivuli tu, ananishika kidole na kuuinua mkono wangu juu.

Mama muuza maandazi alikuwa pale pale, beseni lake limefunikwa kwa nailoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali ya watoto wangu, akauchukua mfuko.

"Tisa, Mama," nilimwambia. "Na leo, tafadhali, usiniongezee."

Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa zawadi yake. "Hata moja?"

"Hata moja."

Aliyatoa moja moja kwenye beseni, taratibu, midomo yake ikicheza bila sauti, akaukunja mfuko na kunipa.